Mcheza Kwao Hutunzwa: Namna ya Kupima Hoja ya Rangi katika Tuzo ya Mchezaji Bora wa Mpira wa Kikapu

Mwezi Mei 2005 Steve Nash wa Phoenix Suns, mchezaji mweupe, alitangazwa kuwa MVP, yaani Mchezaji Bora wa msimu, wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, akimpita kwa kura chache Shaquille O'Neal wa Miami Heat, ambaye ni mweusi. Majira hayohayo Dan Le Batard, mwandishi wa gazeti la Miami Herald, aliuliza waziwazi jambo ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona: je, rangi ya ngozi ya Nash ilichangia ushindi wake? Swali hilo halijazikwa mpaka leo. O'Neal amelirudia lalamiko la tuzo hiyo kwa miaka mingi, na Nikola Jokić, mweupe kutoka Serbia, alipokuwa akiwania tuzo ya tatu mfululizo mwaka 2023, swali lilelile lilifufuka likiwa na jina jipya.

Mabishano ya namna hii, yawe ya kijiweni au ya studio ya redio, huishia palepale. Upande mmoja unasema waandishi weupe wamempa mwenzao, upande wa pili unasema watu wanaona rangi mahali pasipo na rangi, kisha kila mmoja anaondoka na alichokuja nacho. Naamini tunaweza kufanya vizuri zaidi. Hoja ya rangi inapimika, si kwa mizani ya dhahabu, lakini kwa kiasi cha kumfanya mtu mwaminifu abadili mawazo. Nitaonyesha namna ya kuipima kwa kutumia kesi ya Nash na O'Neal, kwa sababu takwimu zake ziko wazi na hasira zake zimepoa kiasi.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na neno "tuzo" ni la ukoo huohuo wa kutuza na kutunza. Methali hiyo inakiri kwamba anayetunza hatazami uchezaji peke yake; anatazama pia kama mchezaji ni wa kwao. Katika ligi ambayo takriban robo tatu ya wachezaji ni weusi, huku waandishi wanaoiandika wakiwa kwa miongo mingi weupe kwa sehemu kubwa, kazi yetu ni kuuliza "kwao" ni wapi, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kutunza.

Anza na hesabu ya kura, si na nyoyo za watu

Kabla ya kusema lolote kuhusu nia ya mpiga kura, jifunze jinsi kura inavyohesabiwa. Wapiga kura ni waandishi na watangazaji, na kila mmoja huorodhesha wachezaji 5: wa kwanza hupata pointi 10, wa pili 7, wa tatu 5, wa nne 3 na wa tano 1. Mwaka 2005 Nash alipata pointi 1,066, zikiwamo kura 65 za nafasi ya kwanza, na O'Neal alipata pointi 1,032, zikiwamo kura 58 za nafasi ya kwanza. Pengo lilikuwa pointi 34.

Sasa fanya hesabu ambayo wabishi wengi hawaifanyi. Mpiga kura aliyemweka Nash wa kwanza na O'Neal wa pili, akiwabadilisha nafasi, atampunguzia Nash pointi 3 na kumwongezea O'Neal pointi 3, yaani pengo litapungua kwa pointi 6. Wakifanya hivyo watu 6 tu, O'Neal anafika 1,050 na Nash anabaki na 1,048. Ni watu 6 kati ya zaidi ya 120. Kwa hiyo anayedai kwamba rangi iliamua tuzo ya 2005 hana haja ya kuwashutumu waandishi wote wa Marekani; inamtosha kuonyesha kwamba wachache waliokuwa wakisitasita kati ya wachezaji wawili wazuri waliegemea upande mmoja kwa sababu ambayo pengine wao wenyewe hawakuitambua. Na anayeikana hoja hiyo hawezi kujikinga kwa kusema kwamba waandishi wengi ni watu wa haki, kwani hata kama waliobaki wote hawakuwa na chembe ya upendeleo, watu 6 wangetosha kuugeuza ushindi.

Linganisha na mwaka 2006, Nash alipoipata tuzo kwa mara ya pili. Safari hiyo alipata pointi 924 na LeBron James, aliyemfuata, alipata 688. Ili kulifuta pengo hilo kwa njia ileile wangehitajika wapiga kura 40 kati ya 125, karibu theluthi nzima. Dai kwamba rangi iliamua tuzo ya 2006 ni zito zaidi na linahitaji ushahidi mzito zaidi, ingawa ndiyo tuzo inayowauma sana mashabiki wa Kobe Bryant, ambaye msimu huo alifunga wastani wa pointi 35.4 kwa mchezo, akafunga pointi 81 dhidi ya Toronto katika usiku mmoja wa Januari, na bado akamaliza wa nne.

Jihadhari pia usiyachukue matokeo ya ajabu kuwa ushahidi wa upendeleo. Mwaka 1990 Charles Barkley alipata kura 38 za nafasi ya kwanza na Magic Johnson akapata 27, lakini tuzo ilikwenda kwa Johnson kwa sababu jumla ya pointi zake ilikuwa 636 dhidi ya 614. Wote wawili ni weusi. Mfumo wenyewe wa pointi huzaa mambo ya kushangaza bila msaada wa rangi.

Usichanganye kustahili na kusaidiwa

Kosa la kawaida kabisa ni kudhani kwamba ukithibitisha mchezaji alistahili, umeimaliza hoja ya rangi, au kwamba ukithibitisha alisaidiwa na rangi, umethibitisha hakustahili. Hayo ni maswali mawili. Mtu anaweza kustahili na bado akapata upepo wa ziada ambao mwenzake asingeupata.

Juu ya kustahili, ziweke hoja za pande zote mbili mezani kwa ukamilifu wake. Suns walishinda michezo 29 msimu wa 2003-04; Nash alipojiunga nao walishinda 62, wakawa timu iliyofunga pointi nyingi kuliko zote, 110.4 kwa mchezo, na yeye akiongoza ligi kwa wastani wa asisti 11.5. Katika michezo 7 aliyokosa walishinda 2 tu. Kwa upande wake, O'Neal alifunga wastani wa pointi 22.9 na kuchukua ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu) 10.4, na Heat walipanda kutoka ushindi wa michezo 42 hadi 59.

Takwimu ninayoiona nzito kuliko hizo zote haizitaji Phoenix wala Miami. Tazama timu walizoziacha. Los Angeles Lakers walioachwa na O'Neal walianguka kutoka ushindi 56 hadi 34. Dallas Mavericks walioachwa na Nash walipanda kutoka 52 hadi 58. Kama thamani ya mchezaji hupimwa kwa pengo analoliacha, basi hoja ya O'Neal ilikuwa na nguvu kuliko ilivyosemwa wakati huo. Na ukitaka kuwa wa haki zaidi, kumbuka kwamba Amar'e Stoudemire, aliyekosa michezo 27 msimu wa 2003-04, alirudi mzima na kufunga wastani wa pointi 26.0 akiwa bega kwa bega na Nash, na kwamba msimu huo waamuzi walianza kusimamia kwa ukali marufuku ya kumzuia mshambuliaji kwa mikono, jambo lililowafungulia njia wachezeshaji wadogo wa mwili.

Hapa lugha yetu inatuficha kitu. Tunaita tuzo hii ya "Mchezaji Bora", lakini kwa asili ni tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi, na ubora na thamani si kitu kimoja. Wachache sana wangesema Nash alikuwa mchezaji bora kuliko O'Neal. Waliompigia kura walizungumzia thamani. NBA haijawahi kumpa mpiga kura kipimo rasmi cha thamani hiyo. Kipimo kinachonyumbulika ndicho kichaka ambamo upendeleo hujificha bila mwenyewe kujua, maana mtu huanza kwa kuvutiwa na mchezaji, kisha huchagua maana ya thamani inayomfaa. Ukisoma maelezo ya mpiga kura, angalia kama maana aliyoitumia mwaka huu ndiyo aliyoitumia mwaka jana.

Mtafutie mchezaji pacha wake

Hii ndiyo hatua yenye mazao mengi, nayo inahitaji subira. Mtafute mchezaji wa rangi nyingine mwenye hadithi ileile, mwenye takwimu zinazokaribiana, kisha uone wapiga kura walimfanyia nini.

Pacha wa karibu kabisa wa Nash ni Jason Kidd wa mwaka 2002. Kidd, ambaye baba yake ni mweusi na mama yake ni mweupe, na ambaye kwa desturi ya Marekani anahesabiwa mweusi, aliondoka Phoenix kwenda New Jersey Nets, timu iliyokuwa imeshinda michezo 26. Akiwa na wastani wa pointi 14.7, asisti 9.9 na ribaundi 7.3, aliifikisha kwenye ushindi 52. Ni hadithi ya Nash kabla ya Nash: mchezeshaji asiyefunga sana, aliyehamia timu dhaifu na kuiinua ghafla. Kidd alipata pointi 897 na kura 45 za nafasi ya kwanza, akawa wa pili nyuma ya Tim Duncan mwenye pointi 954 na kura 57. Watu wa pande zote mbili wanaweza kuidai kesi hii. Anayeikana hoja ya rangi atasema kwamba waandishi walikuwa tayari kuithamini hadithi hiyo kwa mtu mweusi, nusura wampe. Anayeitetea atasema kwamba nusura si kupewa. Mimi naiona kama onyo: mwaka 2002 Kidd alishindana na Duncan aliyekuwa kileleni, akiwa na pointi 25.5 na ribaundi 12.7 kwa mchezo, na mpinzani wa mwaka husika lazima aingie katika hesabu.

Pacha wa pili ni Chris Paul wa mwaka 2008. Alikuwa na wastani wa pointi 21.1 na asisti 11.6, na timu yake ya New Orleans ilipanda kutoka ushindi 39 hadi 56. Takwimu zake binafsi zilizidi za Nash wa 2005 katika pointi na hata katika asisti. Alikuwa wa pili kwa mbali, pointi 894 dhidi ya 1,105 za Bryant, ambaye wengi walihisi ligi ilikuwa inamdai tuzo. Kesi ya Paul ndiyo inayonisukuma kuamini kwamba Nash alipata jicho la huruma ambalo wachezeshaji weusi hawakulipata kwa urahisi.

Lakini usichague mapacha wanaokufurahisha tu. John Stockton, mweupe, ndiye aliyetoa asisti nyingi kuliko mchezaji yeyote katika historia ya NBA, 15,806, na hakuwahi kupata tuzo hii hata mara moja. Ndani ya timu yake ya Utah Jazz tuzo za 1997 na 1999 zilikwenda kwa mwenzake mweusi, Karl Malone. Kama weupe peke yake ungetosha kumpa mchezeshaji taji, Stockton angekuwa nalo. Halafu yuko Allen Iverson, mweusi mwenye kimo cha mita 1.83, aliyepata tuzo mwaka 2001. Wengi walimpenda Nash kwa sababu mwili wake ulifanana na wa mtu wa kawaida akiwa kati ya majitu, na Iverson anatufundisha kwamba udogo wa mwili una mvuto wake wenyewe, ambao ni rahisi kuuchanganya na mvuto wa rangi.

Uliza nani alishika kalamu

Tuzo hii ilianza msimu wa 1955-56, na hadi 1979-80 waliopiga kura walikuwa wachezaji wenyewe. Kuanzia msimu wa 1980-81 kazi hiyo ikahamia kwa waandishi na watangazaji. Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 1958 wachezaji, ambao wakati huo wengi wao walikuwa weupe, walimchagua Bill Russell wa Boston Celtics, Mmarekani mweusi, kuwa MVP. Waandishi wa habari, waliokuwa na kazi ya kuchagua kikosi bora cha ligi mwaka huohuo, walimweka Russell katika kikosi cha pili, na kikosi chao cha kwanza kilikuwa na Bob Cousy, Bill Sharman, Bob Pettit, George Yardley na Dolph Schayes, wote watano weupe. Waliokutana naye chini ya kikapu walijua thamani yake. Waliomtazama kutoka mezani waliona kitu kingine.

Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanigusa. Russell alikuwa akicheza katika nchi ambayo mwezi Oktoba 1961, mjini Lexington, Kentucky, yeye na wenzake weusi walinyimwa huduma katika mkahawa wa hoteli wakaamua kutocheza mchezo uliopangwa, na katika mji wa Reading, Massachusetts, nyumba yake ilivunjwa na kuandikwa matusi ya kibaguzi. Anayesema kuitaja rangi katika tuzo hii ni mtindo wa siku hizi hajui tuzo ilipotoka.

Tangu msimu wa 2013-14 NBA huchapisha kura ya kila mwandishi kwa jina lake. Kwa tuzo za miaka hiyo, usibishane kwa kubahatisha: soma kila mmoja alimpigia nani, na usome alichoandika.

Sikiliza sifa zinavyogawanywa

Chukua maelezo ya wachezaji wawili, futa majina, kisha umpe mtu asiyefuatilia kikapu akuambie yupi ni mweupe. Akibashiri sawasawa mara kwa mara, tatizo limo katika maneno. Nash alisifiwa kwa akili, kwa kuona mbali, kwa kutokuwa na choyo. O'Neal alisifiwa kwa uzito na nguvu, kana kwamba mwili wa mita 2.16 ulicheza wenyewe, wakati alikuwa na miguu myepesi ajabu kwa kimo chake na pasi safi kila alipozingirwa na walinzi wawili. Akili husikika kama jitihada inayostahili tuzo, ilhali nguvu husikika kama zawadi ambayo mtu amezaliwa nayo na hana haja ya kushukuriwa. Watangazaji wetu wa Kiswahili wajipime pia: ni nani tunamwita "fundi", na ni nani tunamwita "mnyama"?

Kataa hesabu iliyokatwa mahali panapofaa

Mapema mwaka 2023 mchambuzi Kendrick Perkins alidai kwenye kituo cha televisheni cha ESPN kwamba asilimia 80 ya wapiga kura ni weupe, na kwamba tangu 1990 waliopata tuzo bila kuwa miongoni mwa wafungaji 10 wa juu ni Nash, Dirk Nowitzki na Jokić peke yao, wote weupe. Dai la kwanza kituo chenyewe kililisahihisha hewani. Dai la pili linaanza kuyumba ukiitazama tuzo ya 1990, iliyokwenda kwa Magic Johnson akiwa na wastani wa pointi 22.3, naye hakuwamo katika 10 hao. Ukianza mwaka 2005 na kuishia 2007, utasema tuzo zote 3 zilikwenda kwa weupe. Ukianza 1987 na kuishia 2020, utakuta ni 3 kati ya 34. Anayekuletea hesabu, muulize kwa nini ameikata hapo.

Hata hivyo, Perkins kukosea hesabu hakumfanyi kuwa mjinga wa kuuliza. Wachumi Joseph Price na Justin Wolfers walichunguza faulo za NBA kuanzia msimu wa 1991-92 hadi 2003-04, wakakuta kwamba wachezaji waliadhibiwa zaidi kidogo pale waamuzi walipokuwa wa rangi tofauti na yao. Habari hizo zilienea mwaka 2007, na uchunguzi wa baadaye wa Devin Pope akishirikiana nao haukuuona tena upendeleo huo. Waamuzi ni watu waliofunzwa, wanaotathminiwa mchezo baada ya mchezo, na bado waliteleza bila kujua. Sioni sababu ya kuamini kwamba mwandishi mwenye kalamu na kumbukumbu zake ana kinga zaidi.

Andika hukumu yako kwa kipimo kinacholingana na ushahidi

Hukumu nzuri humpa kila mmoja haki yake. Methali ya pwani, Mgala muue na haki mpe, inadai jambo hilohilo, ingawa imelisema kwa kumfanya mtu wa kabila jingine kuwa mfano wa adui, na ni vyema tukumbuke kwamba sisi pia tumeurithi mgawanyo wa "wetu" na "wao". Usimvue Nash, mzaliwa wa Johannesburg aliyekulia Kanada, heshima ya msimu alioucheza kwa ustadi mkubwa. Usimwambie O'Neal kwamba anaota. Hukumu yangu ya 2005 ni hii: O'Neal alikuwa na hoja nzito zaidi kwa kiasi kidogo, Nash alikuwa na hoja inayokubalika, na kwa kuwa pengo lilikuwa la watu 6, mvuto wa rangi ukichanganyika na mvuto wa udogo na upya ungeweza kuamua. Kwa 2006 siwezi kusema hivyo.

Jipime sasa kwa kesi nyingine. Mwaka 2023 katika ligi ya wanawake, WNBA, Breanna Stewart, mweupe, alipata pointi 446 na kura 20 za nafasi ya kwanza. Alyssa Thomas alipata 439 na kura 23, A'ja Wilson alipata 433 na kura 17, na hao wawili ni weusi. Mpiga kura mmoja alimweka Wilson nafasi ya nne, na hasira zote zikamwangukia yeye. Piga hesabu: angemweka Wilson wa kwanza, Wilson angeongeza pointi 7 na kufika 440, na Stewart angepoteza 3 kwa wingi na kubaki na 443. Stewart bado angeshinda. Kama kuna la kuchunguza, limo katika karatasi 43 ambazo Wilson hakuwa wa kwanza, na uchunguzi huo ukumbuke kwamba mwaka uliofuata wapiga kura wote 67 walimweka Wilson juu kabisa.